Nilisema Ni Sabato

Sakina anapenda kuisimulia hadithi hii, na kila mara anaikosea. Simlaumu. Mimi ndiye niliyempa ikiwa imeharibika.

Anavyoisimulia yeye, palikuwa na mwanamke Myahudi hapa Nakuru, mcha Mungu kwelikweli, ambaye siku ya fujo alifuatwa na gari hadi nyumbani ili aokolewe, akakataa kulipanda kwa sababu ilikuwa Sabato. Majirani zake, Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja, wakaiheshimu dini yake na kumwachia Mungu. Watu wakiisikia hutikisa vichwa, wengine hutoa leso. Mimi huinama nikatazama viatu vyangu, nao hudhani ni majonzi.

Mkristo wa hadithi hiyo ni mimi, Cheptanui, mama yake Chelangat. Mwislamu ni Fadhilmula, mume wa Sakina. Na Myahudi ni Wachuka, ambaye nilikuwa namwita rafiki yangu na bado sijapata jina jingine la kumwita.

Tulikuwa na hoteli Bondeni, sisi wanawake watatu. Ukisikia hoteli usifikirie ghorofa. Ni chumba kimoja chenye meza sita na benchi zake, na nyuma majiko matatu chini ya mabati. Mchoraji alituandikia ukutani SIKU SABA HOTELI, kwa kuwa hatukufunga hata siku moja. Ijumaa mchana Sakina alikwenda msikitini. Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, Wachuka alivua aproni, akazima simu, na humwoni tena mpaka Jumamosi nyota zitoke. Jumapili ilikuwa yangu. Wateja wetu wa kila siku walisema hawana haja ya kalenda, wanatazama tu ni nani hayupo.

Sakina ni Mnubi, mzaliwa wa Bondeni, mwanamke wa kicheko kikubwa na mkono mzito wa bizari. Wachuka alikuwa mwembamba, mtaratibu, Mkikuyu wa Nyandarua. Wazazi wake walilelewa kanisani kama mimi, kisha wao na familia chache wakasoma Agano la Kale kwa bidii mpaka wakahamia humo na kubaki. Walisali katika nyumba ya mabati isiyo na msalaba, wakajifunza Kiebrania kidogo kidogo kutoka vitabuni. Bondeni hakuna aliyeyaelewa hayo. Wateja walimwita Msabato. Mwanzoni aliwasahihisha, "Mimi si Msabato, mimi ni Myahudi," nao wakamjibu, "Sawa, sista, na kanisa lenu liko wapi?" Mwishowe akachoka, akawa anawaambia liko mbali.

Nataka ijulikane kwamba hatukuwa malaika. Tuligombana kila wiki, na mwanzilishi mara nyingi nilikuwa mimi, maana hasira zangu ziko karibu. Nyama yetu ilitoka kwa mchinjaji Mwislamu, na hilo halikuwa na mjadala. Wachuka hakuila. Alisema kisu cha mjini si kisu cha kwao, akajilia maharagwe yake kwa amani. Lakini alitaka pia maziwa yasikaribie nyama. Sasa mwambie Mkalenjin maneno hayo! Mimi mursik, maziwa yetu ya mgando, nimeijua kabla sijajua jina langu. Tukafikia mapatano: sufuria zake mbili na mwiko wake vilifungwa kamba nyekundu, na atakayevichanganya na nyama ana kesi. Siku moja nilisahau, nikakoroga mchuzi wa mbuzi kwa mwiko ule. Hakunipigia kelele. Alinunua mwingine, akaufunga kamba, na kwa siku tatu akawa ananiita "mheshimiwa." Ni afadhali angenitukana.

Na chumvi je? Ramadhani ya mwaka 2007 iliingia mwezi wa Septemba, Sakina akawa haonji kitu mpaka magharibi. Wachuka nyama haionji. Basi mwezi mzima chumvi ya nyama ikabaki kwa ulimi wangu mmoja, na ulimi wangu si wa kuaminika. Wateja walikunywa maji mwezi ule kuliko mwaka mzima. Sakina alicheka mpaka akaogopa kwamba funga yake imeharibika.

Ndivyo tulivyoishi. Watu huuliza tuliwezaje, kana kwamba kuna dawa tulikunywa. Hakuna dawa. Kila mmoja alijua kwa nini mwenzake hayupo, akamshikia jiko lake. Basi.

Wachuka nami tulipanga kwenye ploti moja ng'ambo ya reli, vyumba kumi vinavyotazamana, uani bomba moja. Mlango wake na wangu ilitenganishwa na milango mitatu. Aliishi na mama yake, ambaye ploti nzima tulimwita Shosho. Magoti ya Shosho yalikuwa yamekufa, alitembea ameshika ukuta, na kikohozi chake cha asubuhi ndicho kilichotuamsha wote. Chelangat wangu alikuwa akikiigiza, na Shosho akimsikia alikohoa zaidi makusudi ili mtoto acheke.

Hadithi hii ina Jumamosi mbili. Sakina anaisimulia moja tu.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mwezi wa Agosti, kabla ya Ramadhani ile. Sakina alikuwa hotelini, mimi nilibaki nyumbani nikikaanga mandazi ya jioni nje ya mlango wangu. Chelangat, miaka saba, alikuja mbio akicheza na wenzake, akajikwaa kwenye jiko. Mafuta yakammwagikia mkono wa kushoto, kutoka begani mpaka kiganjani.

Nilifanya nini? Sikufanya kitu. Nilisimama na uma wa mandazi mkononi, nikipiga mayowe. Aliyetoka mbio ni Wachuka, bila viatu, kitambaa cha sala kikiwa bado kichwani. Huyu ni mwanamke ambaye siku ya Sabato hakuwasha hata taa, na maharagwe yake yalikaa jikoni tangu Ijumaa ili asiguse moto. Alimnyanyua mwanangu, akamweka chini ya bomba, akamfungulia maji, kisha akamfunika shuka yake safi na kukimbia naye hadi barabarani. Alisimamisha teksi kwa kusimama mbele yake. Mimi niliwafuata nimevaa ndara mbili za jozi tofauti.

Tulipofika hospitali, mtoto amepokelewa, tukakaa kwenye benchi. Nilianza kulia upya. Nikamwambia, "Wachuka, na Sabato yako?"

Alinitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kama chapati ina unga.

"Mtu akiwa kwa hatari ya kufa, gari unapanda, moto unawasha, simu unapiga. Usifikirie nimevunja sheria, Mama Chelangat. Hiyo ndiyo sheria. Ningekaa kwa nyumba nikisoma na mtoto anaungua, hapo ndio ningekuwa nimevunja."

Alinieleza polepole, mara mbili, mpaka akaona nimeelewa. Sakina alikuja jioni baada ya kufunga hoteli, akatukuta pale na Wachuka, wala hakuuliza alifikaje. Chelangat alipona. Mkono ulibaki na kovu linalong'aa kama utando wa maziwa, na kwa wiki kadhaa aliwaambia watoto wa ploti kwamba amepanda teksi kwa mapaja ya Wachuka, na dereva alikuwa anaendesha kama mwizi.

Desemba tukapiga kura. Sina haja ya kueleza yaliyofuata, aliyekuwa Nakuru anayajua. Kwa wiki kadhaa mji ulishikilia pumzi. Halafu Ijumaa ya tarehe ishirini na tano Januari moshi ukaanza kupanda mitaani. Mitaa mingine waliochomewa walikuwa watu wangu. Mtaani kwetu waliotafutwa walikuwa watu wa Wachuka. Sitapima nani alizidi nani, kila upande una makaburi yake. Ninachojua ni kwamba miaka yote ile hakuna aliyewahi kutuuliza tunasali wapi kwa nia mbaya. Sasa waliuliza jina la baba yako, na hapo hapo walikuwa wamemaliza kuuliza.

Jumamosi asubuhi Sakina akanipigia simu. Mume wangu alikuwa Mogotio kwa mama yake tangu uchaguzi, nami nilikuwa nimejifungia na mtoto.

"Baba Twaha anakuja na pikapu," akasema. Ndivyo anavyomwita mumewe. "Ingieni nyinyi wanne. Wewe na Chelangat, Wachuka na Shosho. Mtalala kwangu. Wachuka simu yake imezimwa, unajua leo ni nini. Wewe ndio utamwambia."

"Nitamwambia," nikasema.

Fadhilmula alifika yapata saa nne. Ni mtu mpole, mwembamba, kofia yake nyeupe haitoki kichwani. Aliacha injini ikinguruma getini. Nyuma ya pikapu alikuwa ametandika godoro kwa ajili ya magoti ya Shosho, na juu yake turubai la buluu. Godoro lile bado naliona.

"Fanyeni haraka," akaniambia. "Pale kwa reli kuna vijana wameweka mawe. Ni vijana wa kwenu. Mimi wananijua, hawanisumbui, lakini wanauliza watu kipande, wasome jina. Shosho tutamlaza chini ya turubai, na Wachuka pia. Kawaite."

Nikaingia uani. Ni hatua thelathini hivi kutoka getini hadi mlango wa Wachuka, na katika hatua hizo niliyaona yote. Niliwaona vijana wakiinua turubai. Niliona gari likiwashwa moto na Chelangat wangu akiwa ndani yake, mtoto ambaye tayari alikuwa ameungua mara moja. Woga ule ulikuwa wa kweli, siukani. 

Nilifika mlangoni. Ndani Shosho alikuwa akisoma kwa sauti, kwa Kikuyu, akikatizwa na kikohozi, na Wachuka alikuwa akimwitikia kwa yale maneno yao ya Kiebrania. Harufu ya maharagwe ilipita chini ya mlango. Nikainua mkono nibishe.

Sikubisha. Nilisimama pale mkono juu, sijui muda gani, kisha nikaushusha na kurudi getini.

"Wamekataa," nikamwambia Fadhilmula. "Leo ni Sabato. Hawapandi gari."

Alinitazama. "Umewaambia hali ilivyo?"

"Nimewaambia."

"Na Shosho pia?"

"Shosho ndiye amekataa kabisa."

Hilo la Shosho niliongeza mwenyewe, kwa ulimi wangu mwenyewe, na lilitoka laini. Ningeweza kusema, "Baba Twaha, naogopa." Fadhilmula angenisikia. Angetafuta njia ya nyuma, au angenipeleka mimi na mtoto kwanza kisha akarudi. Lakini kusema naogopa kungekuwa kusema naogopa nini, na ningetaja kabila la Wachuka mbele ya mtu aliyemtandikia Shosho godoro. Niliona aibu. Sabato haikuwa na aibu. Ni neno safi, la heshima, na nilijua mtu wa swala tano hawezi kubishana nalo.

Na kweli hakubishana. Alivua kofia, akapangusa kipaji cha uso, akaivaa tena. "Siwezi kumvuta mtu kwenye ibada yake," akasema. "Mungu awalinde." Kisha akaangalia nyuma ya pikapu, palipobaki wazi. "Basi nafasi ipo. Leta ile friji yako, wakichoma utaikosa."

Tukaibeba friji. Tukailaza kwenye godoro.

Chelangat alikuwa ameshaketi mbele. Nilipopanda akaniuliza, "Mama, Wachuka haji?"

"Leo ni Sabato."

"Lakini siku ile yangu alipanda teksi. Na ilikuwa Sabato."

"Nyamaza."

"Lakini Mama..."

"Nimesema nyamaza!"

Fadhilmula alikuwa nyuma akifunga kamba. Hakusikia.

Pale kwenye reli vijana walikuwa kama ishirini, na rungu na mishale, nyuso nyingine sijawahi kuziona.  Halafu mmoja akasogea kwenye dirisha langu, nikamtambua. Alikuwa Kiprugut, ambaye kila asubuhi alituletea maziwa hotelini, na ambaye Wachuka alikuwa akimwekea chai ya kwanza.

"Chamgei, Mama Chelangat!"

"Chamgei."

"Huko nyuma uko na nani?"

"Friji," nikasema.

Akacheka. Akaligonga gari ubavuni mara mbili kwa kiganja, akawaambia wenzake kitu, wakasogeza mawe. Hakuinua hata pembe ya turubai. Chini yake wangeweza kulala watu wawili, na bibi mmoja angeweza hata kukohoa, maana injini ya Fadhilmula ina kelele. Yote yalimalizika kabla sijatoa jasho la pili.

Fadhilmula alitaka kurudi mchana akajaribu kuwabembeleza mwenyewe. Njia ilikuwa imefungwa. Saa tisa ploti yetu ikachomwa.

Wachuka alimtoa mama yake kwa dirisha la nyuma. Alimfunga mgongoni kwa blanketi, kama mtoto, akatembea naye kando ya reli mpaka barabara kuu, ambako lori la jeshi lilikuwa linaokota watu. Walipelekwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwenye mahema. Moshi ulikuwa umeshamwingia Shosho kifuani. Alikufa Jumanne, na watu wao wakaja kutoka Nyandarua kumchukua yeye na Wachuka.

Sikwenda kwenye mazishi. Nilisema njia si salama. Njia ikawa salama, nikasema mtoto anaumwa. Sakina alipiga simu ya Wachuka kila siku, lakini ilikuwa imeungua pamoja na nyumba. Ilipofika Aprili, wakubwa wakiwa wameshapatana, tuliifungua hoteli tena, wawili tu. Friji yangu, kwa kuwa sikuwa na nyumba ya kuiweka, tuliisimamisha pale lilipokuwa jiko la Wachuka.

Wachuka akaja Jumanne moja, asubuhi, hapakuwa na wateja. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine, mikono mirefu. Alisema amekuja kuchukua sufuria zake, anarudi kwao, hatakaa Nakuru tena. Sakina alimkumbatia, akalia kwa sauti hata watu wa duka la jirani wakaja kuchungulia.

"Dadangu, tulikuja," akamwambia. "Haki ya Mungu tulikuja. Baba Twaha alikuwa hapo getini. Mama Chelangat akaingia kuwaita, mkasema ni Sabato. Kila siku namwambia Baba Twaha, si ungewabeba tu kwa nguvu."

Wachuka alikuwa ameshika sufuria moja, akiipangusa vumbi kwa kiganja. Mkono ukasimama. Hakumtazama Sakina. Alinitazama mimi, kisha akaitazama friji, kisha mimi tena. Nilingoja aseme. Kusema kweli nilitaka aseme, nichekwe, nitemewe mate, yaishe.

"Ndio," akasema. "Ilikuwa Sabato."

Akaendelea kupangusa.

Nilimsindikiza hadi stendi nikiwa nimembebea sufuria moja.  Tulipofika karibu na reli ndipo aliponiuliza, bila kugeuka.

"Ulifika mpaka kwa mlango?"

"Nilifika."

"Mama yangu alisikia miguu. Aliacha kusoma, akaniambia, kuna mtu hapo nje. Nikamwambia asome tu, kama ni mtu angebisha."

Nilisimama. Sufuria ilikuwa nzito ghafla. "Niliogopa, Wachuka. Wale vijana. Nilikuwa na mtoto."

"Najua uliogopa. Hata mimi niliogopa. Ungebisha uniambie hivyo, Wachuka, naogopa kukubeba, pengine mimi mwenyewe ningekwambia nenda na mtoto wako. Ningejua tuko peke yetu, ningemtoa mama yangu hiyo asubuhi, kabla moto haujakuja. Lakini hukusema ni kabila. Ulisema ni Mungu wangu."

"Kwa nini hukumwambia Sakina?"

"Nikimwambia atakufukuza, na bwana yake atajilaumu mpaka siku ya kufa kwa sababu alikuamini. Hao hawakunikosea." Alichukua sufuria mikononi mwangu. "Lile lori lilikuja saa kumi na moja, jua bado kali. Nilimpandisha mama yangu kwa hii mikono miwili. Hakuniuliza ni siku gani."

Alipanda gari lake akaenda. Nilikuwa bado sijasema samahani. Neno lilikuwa mdomoni tangu Januari, nikalirudisha nalo hotelini.

Siku hizi naitumia friji kwa maziwa. Nyama siiweki humo. Hakuna anayenidai hilo tena, Sakina hushangaa na kuniuliza kwa nini nahangaika na ndoo ya barafu kwa ajili ya nyama wakati kuna rafu mbili tupu. Namwambia nimezoea.

Mwezi huu wa Novemba kamati ya amani iliita mkutano katika ukumbi wa kanisa moja hapa mjini. Walikuwepo mchungaji, imamu, na afisa mmoja mwenye kofia mapajani. Walitaka watu wa kawaida waeleze jinsi dini mbalimbali zinavyoweza kuishi pamoja. Sakina hakungoja kuitwa mara mbili. Alisimama akaisimulia, na aliisimulia vizuri, na godoro, na kofia ya mumewe, na jinsi Shosho alivyokataa kabisa. Fadhilmula alikuwa ameketi karibu naye, akipangusa macho. Ukumbi ukapiga makofi. Imamu akasema huo ndio mfano, kumwacha jirani na imani yake hata unapoumia.

"Na huyo mama aliyekwenda mlangoni yuko wapi?" mwenyekiti akauliza. "Hebu asimame tumwone."

Nikasimama. Macho yote yalikuwa kwangu, na nikaona kwamba hapa ndipo mahali penyewe. Nikafungua mdomo.

"Asante," nikasema, nikaketi. Wakapiga makofi tena. Mtu akaniletea soda.

Chelangat alikuwa kando yangu. Hakupiga makofi. Alikuwa ameuweka mkono wake wa kovu mapajani na kuushika kwa ule mwingine.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akipiga kijiwe kwa kiatu, mimi nikiwa na chupa ya soda ambayo sikuifungua. Akauliza, "Mama, siku ile yangu, Wachuka aliitwa na nani?"

"Hakuitwa na mtu. Alikusikia ukilia."

Akapiga kijiwe. Akakifuata, akaningoja nifike.

"Na siku ile ingine, Shosho alikuwa anakohoa?"

Nilimwambia ndiyo, alikuwa anakohoa, nami nilikuwa mlangoni nikamsikia, na sikubisha. Ni mtu wa kwanza kuambiwa na mimi, na ana miaka minane.